Nguzo ya Katikati, Gereji ya Pui Kee

7 Juni

Nimeanza kuandika leo kwa sababu nina hasira na sina wa kumtolea. Asubuhi nilimaliza mkono wa mwisho wa rangi nyekundu kwenye teksi ya mteja, inang'aa mpaka unaweza kujitazama humo ukajipaka wanja. Nikaweka bunduki ya rangi chini. Tone la maji likatoka darini likaangukia katikati ya boneti. Halafu la pili. Mvua imenyesha tangu juzi, sawa, lakini juu yetu kuna ghorofa saba, hatukuezekwa kwa bati. Maji yamepitaje ghorofa zote hizo kuja kunichafulia kazi?

Baba mkwe, Mzee Mak mwenye gereji, alitazama dari, akatazama nguzo ya katikati, akasema ni bomba la Bibi Poon wa ghorofa ya kwanza. Bibi Poon akashuka na kandambili zake, mjukuu mchanga mgongoni, akasema bomba lake ni kavu kuliko koo la Mzee Mak kabla ya chai. Ah Biu, fundi wetu wa injini, alicheka mpaka akaangusha spana. Mimi sikucheka. Nilipiga msasa boneti nzima upya.

Jioni baba mkwe alitoa sadaka, maana ni siku ya pili ya mwezi kwa kalenda yetu ya mwandamo. Kila siku ya pili na ya kumi na sita anafanya hivyo: nyama ya nguruwe ya kuchoma, machungwa, vikombe vya chai, udi. Gereji nyingine hapa To Kwa Wan zina kisanduku cha mbao tu ukutani. Madhabahu yetu ni ya matofali na vigae vyekundu, kubwa kama kabati la nguo, imeegemezwa kwenye nguzo ya katikati. Chini anakaa Mungu wa Ardhi, juu yake Jenerali Kwan, shujaa wa vita aliyefanywa mungu. Udi ukiisha, nyama inakatwa na kugawiwa majirani, Bibi Poon akiwa wa kwanza kupewa. Nilipoolewa hapa nilijua nimeingia kwenye nyumba ya wachamungu.

8 Juni

Mvua.

10 Juni

Mvua. Sikukuu ya mashindano ya mashua, hatukufungua. Nilishuka kutoka kwangu ghorofa ya pili kwenda kuangalia dari. Doa limekuwa kubwa kama sahani.

14 Juni

Amekuja msichana wa chuo, Cheuk Nga-man, anakusanya historia ya majengo ya mtaa huu kabla hayajabomolewa. Kwamba tutabomolewa kila mtu anajua. Watu wa mradi wa kujenga upya watanunua mtaa mzima, mwaka huu, mwakani, mwaka wa keshokutwa. Kwa sababu hiyo hakuna mwenye nyumba anayetengeneza hata bawaba.

Baba mkwe alivaa shati la kitani. Ana miaka themanini na sita na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Alimtembeza msichana sakafuni kama mtu anayeonyesha shamba lake. Hapa palikuwa kiwanda cha tochi kabla yake. Hapa injini ya lori la unga ilianguka ikaondoka na vidole vya mwanagenzi wake wa kwanza. Hapa, kati ya magari mawili, waliweka meza za karamu yake ya harusi, na mama mkwe alitoka na doa la grisi kwenye gauni jekundu. Hapa Wing-hong alijifunza kutembea kwa kushikilia bampa. Wing-hong alikuwa mume wangu. Ana miaka minane kaburini, na sikuwahi kuisikia hiyo ya bampa. Nilijifanya nachagua msasa.

Nga-man akauliza mabasi madogo yalianza kuletwa hapa lini. Baba mkwe akasema baadaye, baadaye, akaruka moja kwa moja hadi kimbunga kilichong'oa kibao chetu cha jina. Nilidhani amechoka.

21 Juni

Siku ya kumi na sita. Wakati wa udi, kigae kimoja cha madhabahu kiliruka chenyewe kikapasukia sakafuni. Baba mkwe akasema Ah Biu amegonga na gari. Ah Biu akaapa kwamba leo hajasogeza hata toroli. Baba mkwe akatufukuza wote twende kula, akabaki akikibandika mwenyewe, kwa magoti yale. Nilipojitolea kusaidia alinikatalia bila kugeuka.

25 Juni

Mvua. Geti la chuma la Bibi Poon halifungi. Ah Biu alipanda na tupa kulipunguza, akarudi kimya. Nilimuuliza kulikoni. Akasema geti limenyooka. Ukuta ndio uliolala.

2 Julai

Nimeuona ufa. Unaanza nguzo ya katikati inapogusana na boriti, unakwenda kuelekea kitanda cha mjukuu wa Bibi Poon, ingawa yeye yuko upande wa pili wa zege na hajui. Mwembamba kama unywele. Nimekoroga puti, ile tunayozibia mabonyeo ya magari, nikazidisha dawa ya kukaushia, nikapaka ukanda mwembamba kukatiza ufa. Puti ikikaushwa hivyo inakuwa kama kioo, haivutiki. Chini yake kitu kikisogea hata kidogo, inapasuka. Ndivyo tunavyojua kama mlango wa gari umekaa sawa.

3 Julai

Nzima.

4 Julai

Nzima. Joto la kuua mtu.

6 Julai

Nzima. Yule wa teksi amelalamika kwamba boneti ina mawimbi. Ana haki.

9 Julai

Imepasuka.

Wakati wa chakula nilisema tuite mhandisi wa majengo. Baba mkwe aliendelea kuchambua miiba ya samaki wake. Akasema jengo hili litabomolewa kwa hali yoyote, na ukimwita mtu wa majengo leo, kesho limefungwa. Bibi Poon na kichanga kile watakwenda wapi? Ah Biu atapata wapi kazi akiwa na umri ule? Nilichukia kwa sababu alikuwa na hoja. Ah Biu alikuwa ameinamia bakuli lake kana kwamba wali una maandishi.

Nimepaka puti mpya.

13 Julai

Imepasuka.

16 Julai

Nga-man amerudi. Ameuliza tena juu ya mabasi madogo. Ah Biu, ambaye hawezi kupitwa na nafasi ya kutania, akasema hata leo akiingiza basi dogo inabidi akunje vioo na kuvuta tumbo ndani, na bado linapita kwa upana wa kidole kati ya madhabahu na ukuta. Msichana akauliza kama nafasi ilikuwa hiyo hiyo tangu jengo lijengwe.

Baba mkwe akamwambia aje siku nyingine. Hakumwambia vizuri. Msichana alikusanya vitu vyake akaondoka amekunjamana uso, na mimi niliona aibu. Baadaye, akidhani niko kwenye chumba cha rangi, baba mkwe aliweka kiganja juu ya nguzo, juu kidogo ya Jenerali Kwan, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa.

Nimekaa nalo hilo mchana kutwa.

21 Julai

Siku ya kumi na sita. Mbele ya udi unaowaka nilimwambia baba mkwe wazi: nitatafuta siku njema kwenye kalenda, nitavunja vigae, nitaangalia kilichoko nyuma. Akasema, "Usiguse." Hajawahi kunipandishia sauti tangu niolewe, hata siku ile niliyomwambia sitazaa mtoto mwingine baada ya binti yetu. 

Kalenda inasema tarehe thelathini ni njema kwa kuvunja na kukarabati.

30 Julai

Baba mkwe alishuka mapema kutoka kwenye kijidari cha mbao anacholala humo gerejini, akaweka kiti mbele ya madhabahu, akakaa hapo mpaka tunafunga, akisoma gazeti la jana. Nilisimama na nyundo ya Ah Biu mkononi kama mjinga. Siwezi kumsukuma mzee. Niliyoyasema moyoni sitayaandika.

1 Agosti

Mhandisi nimemwita mwenyewe. Mtu mzima, kichwa cheupe, mpole. Aligonga dari, akagonga boriti, akaangalia puti zangu zilizopasuka zote nilizoziacha zimepangana, akasema nimefanya vizuri. Ufa unaweza kuwa wa lipu tu, unaweza kuwa mbaya sana. Hawezi kusema mpaka aione nguzo yenyewe, na nguzo imefunikwa na madhabahu.

Baba mkwe alikubali kwa adabu. Kwa adabu iliyozidi. Alisema ni haki kabisa ifunuliwe, ila baada ya siku tatu unaingia mwezi wa saba wa kalenda yetu, wafu wanatembea, na hakuna mtu mwenye akili anayehamisha madhabahu katika mwezi huo. Siku njema ya kwanza ya mwezi wa nane ni tarehe tano Septemba. Aje siku hiyo.

Mhandisi alifikiri kidogo. Naye ana mama, kama sisi sote. Akatikisa kichwa kukubali. Ah Biu akakubali. Mimi, niliyekuwa nikizunguka na nyundo juzi tu, nilimkumbuka marehemu mama yangu aliyekataa hata kuhamisha kabati mwezi wa saba, na nikakubali. Mhandisi aliniachia namba yake, akasema kitu kikisogea nimpigie saa yoyote.

4 Agosti

Mwezi wa saba umeanza.

6 Agosti

Imepasuka.

9 Agosti

Imepasuka. Mvua.

10 Agosti

Mvua. Kigae kingine.

14 Agosti

Lifti ya kuinulia magari imekaa upande. Ah Biu ameweka pimamaji mara kadhaa, akasema lifti haina kosa, kosa ni la sakafu. Siku hizi hatanii. Kimya chake kinanitia hofu kuliko ufa.

Mchana Bibi Poon alishuka akiwa na vipande vya lipu kwenye kiganja. Vilikuwa kwenye kitanda cha mtoto. Amekisogeza kitanda dirishani. Akanishika mkono. "Lai-king, mwanangu, wewe hunidanganyi. Hapa pako salama?"

Nilimwambia mhandisi anakuja tarehe tano. Ndicho nilichomwambia. Alishukuru akapanda. Nilimtazama baba mkwe akifuta vumbi kwenye vikombe vya miungu wake, na nilimchukia. Nimeandika nilivyohisi. Mtu anayempenda Mungu wa Ardhi kuliko kichanga kilichoko juu ya kichwa chake simwelewi.

17 Agosti

Mtaa mzima moshi, watu wanachomea wafu karatasi pembezoni mwa barabara. Baba mkwe amechoma kuliko wote: noti za ahera, nguo za karatasi, nyumba nzima ya karatasi. Nilipomletea kiberiti kingine nilimsikia. Hakuwa akimwita babake wala mkewe. Alikuwa akiwaomba wote wanaopita wasiingie jengo hili. "Msiingie humu. Tafadhalini. Humu msiingie."

Nimemsikia mtu anaogopa. Sijui anaogopa nini, lakini si wafu peke yao.

21 Agosti

Ishara ya kimbunga, Namba Tatu. Hakuna upepo hata kidogo. Teksi mbili, basi moja dogo, hakuna mteja aliyekuja kuchukua lake.

22 Agosti

Ninaandika kwenye ukumbi wa jamii, nimeketi kwenye mkeka. Nitaandika yote.

Saa sita mchana walipandisha ishara ya kimbunga hadi Namba Nane. Mji mzima unarudi nyumbani siku kama hiyo, na nyumbani kwetu ndiko huko juu, kwa hiyo jengo lilijaa. Tulisikia televisheni za watu, na kete za Bibi Poon na wenzake zikigongana mezani. Tulishusha shata la chuma la mlango wa gereji. Upepo ulikuwa ukilisukuma shata ndani na kulivuta nje. Redio ya Ah Biu ilikuwa inasoma habari za kimbunga.

Ukasikika mlio. Nimejaribu kutafuta neno tangu tulipofika hapa. Ulikuwa kama mbwa anavunja mfupa. Nikainua macho, na ukanda wangu wa puti ulikuwa umeanguka mzima. Ufa uliokuwa unywele sasa ungeingia kidole.

Nilimpigia mhandisi. Alinikatiza nikiwa sijamaliza sentensi. Toeni watu wote, alisema, na waite zimamoto sasa hivi. Ah Biu akawaita. Wakasema wanakuja, lakini miti imeanguka barabarani. Mhandisi bado alikuwa kwenye simu anauliza nguzo ikoje, imekatika, imepinda? Sikujua nimjibu nini. Nikachukua nyundo nikaenda kwenye madhabahu.

Baba mkwe alikuwa ameshasimama mbele yake, mikono ameitandaza.

"Sogea, Baba."

"Usiivunje."

"Kuna mtoto mchanga juu ya kichwa chako. Sogea."

"Usiivunje, mwanangu," akasema. "Nyuma yake hakuna nguzo."

Ah Biu alizima redio.

Alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Mwaka mabasi madogo yalipoanza kubeba abiria mjini, madereva walimwambia watamletea kazi yao yote akiweza kuyaingiza. Hayakuweza kukata kona kati ya nguzo na ukuta. Ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya, jengo limebaki tupu, watu wamekwenda kwa ndugu zao. Yeye na wanagenzi wawili, wote sasa marehemu, walichimba nguzo kwa patasi kuanzia sakafuni hadi kifuani, wakaacha chini ya nusu, nondo wakazikata kwa gesi. Mabasi yakaingia. Wali wote tuliokula, shule ya Wing-hong, mahari yangu, vilipitia kwenye pengo lile. Baada ya mwezi mmoja akasikia nguzo inalia. Akajaza matofali na saruji kadiri alivyothubutu bila kuziba njia ya mabasi. Na ili pasitokee mtu hata mmoja wa kumwambia atoe matofali yale, akawaweka miungu juu yake.

Tangu niolewe nimedhani, na kwa zaidi ya miaka hamsini mtaa mzima umedhani, kwamba mzee huyu anasali. Alikuwa analinda.

Sikuwa na nafasi ya kuhisi kitu. Mhandisi, aliyesikia kila neno kwenye simu, alisema tusiguse hata kigae, na kama tuna chochote cha kutegemeza boriti tukiweke. Sisi ni gereji. Ah Biu alishaburuta jeki za lori na vipande vya mbao ngumu. Nikamsaidia kusimamisha mbili. Nilipogeuka baba mkwe hakuwepo. Alikuwa kwenye ngazi, ameshika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili, anapanda.

Nilimkimbilia nikamwambia aniachie, mimi nitawaambia watu kuna hatari, inatosha. Alikataa kwa kichwa. Mlango wa kwanza akagonga, akasema, "Mimi ni Mak Sing-pui wa gereji. Nilikata nguzo ya jengo hili. Chukua watoto, shuka." Mlango wa pili maneno yale yale. Wa tatu yale yale. Hakuongeza na hakupunguza. Wengine walidhani uzee umempanda kichwani wakanitazama mimi, na ilibidi niseme ni kweli. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya nne alimtukana tusi ambalo sijawahi kulisikia likisemwa mbele ya mzee. Baba mkwe aliinamisha kichwa, akangoja limalizike, akapanda ngazi nyingine. Alikuwa hana pumzi. Nilimsukuma mgongoni kwa viganja vyangu, ghorofa hadi ghorofa, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Bibi Poon tulimfikia mwisho, wakati wa kushuka, kwa sababu tulipogonga tukipanda kete zilikuwa zinapigwa kwake na hakusikia. Alifungua na kete mkononi. Baba mkwe akasema maneno yake.

Bibi Poon hakupiga kelele. "Tangu lini?"

"Kabla hujahamia."

"Na nyama uliyokuwa unaniletea kila mwezi, ilitoka mbele ya hicho kitu?"

Baba mkwe aliitikia kwa kichwa.

"Nilimwachisha binti yangu ziwa kwa nyama ile, Mzee Mak. Na mjukuu naye nimeanza kumtafunia." Akaingia ndani, akamfunga mtoto mgongoni, akapita kati yetu bila kumgusa yeyote. Wenzake wa kete wakamfuata.

Tulivuka barabara tukasimama chini ya varanda ya duka la matairi, jengo zima, na vikapu, na paka, na mzee mmoja na oksijeni yake. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Kupitia nafasi ya chini ya shata nilimwona Ah Biu bado yumo ndani, anakaza jeki ya tatu. Nilipaza sauti mpaka koo likaniuma. Alitoka akitambaa kwa tumbo dakika chache kabla ya zimamoto, na nyuma yake ule mlio ukasikika tena, na vigae vikaanguka vingi kwa pamoja. Boriti ilishuka kiasi cha ngumi, ikakalia jeki. Zikashika.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena ili niamini. Hakuna aliyekufa.

23 Agosti

Ukumbini. Watu wamesogeza mikeka yao. Kuna nafasi kubwa tupu kumzunguka baba mkwe na mimi nimo ndani yake.

24 Agosti

Jengo limefungwa kabisa. Kila familia inaruhusiwa kuingia mara moja na askari wa zimamoto. Yeye hakwenda. Akasema zamu yake apewe Bibi Poon ili achukue vitu zaidi. Bibi Poon akaipokea, hakusema asante.

26 Agosti

Mhandisi alikuja kunitafuta. Wameshategemeza boriti kwa vyuma na wamefunua madhabahu taratibu, kigae kwa kigae. Ni kama mzee alivyosema, na mbaya zaidi, maana kilichobaki cha nguzo kilishaliwa na kutu. Kwa miaka mingi, alisema, nguzo haikubeba kitu cha maana. Mzigo wa upande ule wote ulikuwa umeketi juu ya matofali ya madhabahu.

Nilimuuliza ingekuwaje kama ningeyavunja.  Nikamtajia tarehe thelathini Julai, mchana, na nyundo.

Alisema boriti ingeshuka palepale.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Bibi Poon siku hiyo alikuwa nyumbani, mtoto kitandani. Nilikuwa na haki, na siku njema ya kalenda, na nyundo, na ningewaua. Yeye alikaa kwenye kiti na gazeti la jana, alijua kwa nini, na hakufungua mdomo hata niliposimama mbele yake na nyundo. Bado sijui nani kati yetu ananitisha zaidi.

28 Agosti

Wametupa chumba cha muda, mimi na yeye, kwa sababu kwenye karatasi sisi ni familia. Binti yangu amepiga simu kutoka Toronto akilia. Nilimwambia babu yake ni mzima.

Tangu niolewe sijawahi kuinua vijiti vya kulia kabla ya kumkaribisha. Kwetu mdogo humwita mkubwa kwa cheo chake, Baba karibu chakula, ndipo watu wale. Hata siku ya kumzika Wing-hong nilimwita. Tangu kimbunga sijamwita. Naweka bakuli mbele yake, nakula langu, naosha. Yeye hashiki vijiti mpaka nitoke chumbani. Hajalalamika.

30 Agosti

Maafisa walimhoji kuanzia asubuhi. Nilikaa naye kwa sababu masikio yake ni mazito. Walimuuliza nani alimsaidia. Akasema alikuwa peke yake. Wakamuuliza mwanaye alijua, mkwewe alijua. Akasema mwanaye alikufa akiamini baba yake ni mchamungu, na mkwewe alikuwa mtu pekee aliyetaka kuangalia. Wakamuuliza kwa nini hakusema. Nikaanza kumrudia swali, nikidhani hakusikia. Alisikia. Akasema kila mwaka alipanga kusema, na kila mwaka jengo lilisimama, na kila lilivyosimama ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kueleza kwa nini hakusema mwaka uliopita.

Wamesema atafikishwa mahakamani. Alisaini bila kusoma.

1 Septemba

Joto. Ah Biu amepata kazi ng'ambo ya bandari. Alikuja kuaga. Alimpa baba mkwe mkono, akataka kutania, akashindwa.

3 Septemba

Mwezi wa saba umekwisha.

Nilikutana na Bibi Poon kwenye korido, naye wamemleta jengo hili hili, ghorofa ya chini yetu safari hii. Mtoto ameota jino. Aliniuliza kama yule mzee anakula. Nilisema anakula kidogo. Akasema, "Basi," akaenda zake. Sijui alitaka nimjibu vipi.

4 Septemba

Siku ya pili ya mwezi wa nane. Hakuna madhabahu, hakuna udi. Asubuhi alikaa pembeni ya kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Nilipika samaki wa mvuke, mboga, wali. Nikaweka bakuli lake, nikaketi mbele yake. Nikainua vijiti. Nilikuwa nikitazama viganja vyake, vina michubuko ya chuma cha ngazi iliyoanza kukauka, na niliwaza kila mlango aliougonga. Niliwaza pia nyundo. Nikaviweka vijiti chini.

"Baba," nikasema, "karibu chakula."

 Akasema, bila kuinua macho, "Usiniite kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Bado nina hasira na wewe na nitakuwa nazo kesho. Kula, samaki anapoa."

Akashika vijiti. Ilibidi ajaribu mara mbili kumchukua samaki. Kipande cha kwanza, cha shavuni, kilicho laini, alikiweka kwenye bakuli langu.

Nikakila.